Donge Lililopiga Mluzi

Mwanzoni tulipiga sufuria.
Mama mkwe nyuma ya kitanda, mwiko mkononi,
kama anayefukuza nguruwe kwenye mahindi ya jirani.
Nestan akageuka, akacheka.
"Mmeona? Anasikia," akasema, akafunga kitambaa chake upya,
na kwa miezi mitano tukaiamini sakafu ya mbao.

Kumbe ni sakafu iliyokuwa ikimwambia.
Lamzira alitandika blanketi nene, akampakata mtoto juu yake,
akaniashiria nipige.
Nikapiga. Nikapiga mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto akajibu.
Binti yangu akaendelea kuchezea vifungo vya sweta ya mgeni.

Lamzira mwenyewe hasikii tangu kuzaliwa.
Huja Jumanne, kwa miguu, akivuka daraja la Rioni
na mwavuli ambao haukukauka majira yote ya baridi.
Alinikuta nimezoea kusema kwa kisogo.
Mwokaji ndivyo alivyo: uso ndani ya tanuri,
mgongo kwa dunia.
"Geuka," aliandika kwenye karatasi ya kufungia mkate.
"Kwanza uso. Kisha jicho lake. Kisha neno.
Halafu nyamaza, umpe zamu."

Zamu! Mtoto wa miezi kumi na minne ana zamu gani?
Nikangoja. Nikahesabu kimoyomoyo.
Kwenye tisa akainua nyusi.
"Hilo ni jibu," akaandika,
akapiga mstari chini yake hadi karatasi ikachanika.

Vifaa vya masikioni vilitoka Tbilisi mwezi Februari,
vidogo kama maharage, betri kama punje ya dengu.
Alivivumilia kama paka anavyovumilia kofia.
Siku ya tatu kimoja kikapotea.
Tulitafuta chini ya kabati, ndani ya viatu,
ndani ya nepi pia, mnisamehe.
Saa kumi alfajiri, mimi na unga wa mikate sitini,
nikabonyeza donge, nalo likapiga mluzi.
Mluzi mwembamba, wa kuudhi,
uleule uliokuwa ukinitia wazimu kila nilipomkumbatia.
Nikakaa juu ya gunia. Donge mkononi, donge kooni.
Nikalichana lote, kipande kwa kipande,
nikiongozwa na sauti
ambayo yeye pengine haijui.

Mama mkwe hakutaka mikono.
"Mkimzoeza ishara, ulimi utalala."
Lamzira hakubishana. Alimsaidia kubangua njugu,
na kati ya njugu na njugu akampa mtoto vyote:
kiganja, mdomo, pumzi shavuni,
kama mtu anayewasha taa za milango yote
kwa kuwa hajui mgeni atapitia upi.

Aprili. Mkate umetoka, mrefu, ncha zake mbili nyeusi.
Bibi akanyoosha mkono.
Nestan akamvuta sketi. Mara mbili, kama tumvutavyo sisi.
Akangoja macho.
Kisha vidole vikachezacheza mbele ya mdomo unaopuliza:
*moto*.
Na sauti nyuma yake, isiyo na kingo: "O-o."

Neno tulimfundisha sisi.
Kumwonya mtu, hilo alilitoa kwake.

Bibi akarudisha mkono.
Akavitazama vidole vyake vya baridi yabisi
kana kwamba ameazimwa.
Akajaribu: *moto*.
Akakosea. Nestan akamshika kidole gumba,
akakisogeza mahali pake, kwa subira,
kama anayemfunga mtoto kifungo.

Mikate saba iliungua siku ile.
Nilikuwa nimegeuka.